Uvimbe Huu Sindano Kwanza, Ule Mkojo Kwanza

Chupa ya maji ya kunywa, shingo nyembamba, imezungushiwa plasta. Ndivyo kinyama cha pajani kilivyofika maabara yetu hapa Tanga. Kiliingia chupani kikiwa laini. Formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, ikakikaza, kutoka kikagoma. Tukaikata chupa kwa kisu. Aliyeutoa uvimbe aliandika "mafuta tu". Haukuwa mafuta. Ilikuwa sarkoma, na mgonjwa akalazimika kupasuliwa tena, safari hii eneo kubwa zaidi.

Simlaumu sana. Uvimbe mwingi wa chini ya ngozi ni wa mafuta kweli, na hauna neno. Sarkoma, yaani saratani ya misuli, mafuta, mishipa na nyama nyingine laini, ni adimu, na kitu adimu husahaulika. Kinachonitia shaka ni uvimbe uliopita sentimita 5, unaozidi kukua, uliozama ndani ya misuli, au uliorudi baada ya kutolewa. Usisubiri ufikie chungwa la Muheza. Na usijifariji kwamba hauumi. Sarkoma nyingi haziumi mwanzoni.

Hapo hutangulia picha, MRI (picha ya mashine ya sumaku) ikipatikana, kisha sindano nene ya kuchukua kinyama, ichomwe pale ambapo mpasuaji atapita baadaye. Kisu huja mwisho. Kinyama kiwekwe kwenye chombo cha mdomo mpana, formalini iwe mara 10 ya ujazo wake. Sisi tunakigandisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba kuliko unywele na kuvitia rangi. Aina za sarkoma zinazidi 50, nyingine zimefanana kama mapacha, na kuzitenganisha huhitaji vipimo vya ziada. Ndiyo maana majibu huchelewa. Ukipewa rufaa ya Ocean Road au Muhimbili, ulizia slaidi, yaani vioo vyenye vile vipande vyembamba, na kipande chako cha nta uende navyo. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi.

Uvimbe unaotoa homoni una utaratibu mwingine kabisa. Feokromositoma huota kwenye tezi iliyo juu ya figo na kumwaga adrenalini na ndugu zake kwenye damu. Mtu yuko salama, ghafla kichwa kinagonga, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, presha inapaa. Baada ya muda yote yanatulia. Huku kwetu wengi huanzia kwa mganga, wakiambiwa ni jini limepanda. Uvimbe huu ukichomwa sindano kabla ya kutambuliwa, homoni zinaweza kufumka na kumuua mgonjwa mezani. Hata vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, vikitangulia dawa ya kulegeza mishipa, vinaweza kuipandisha presha. Kwa hiyo usimeze vya jirani.

Kipimo cha kwanza ni metanefrini, yaani mabaki ya homoni hizo, kwenye damu au mkojo wa saa 24. Ukiamka, mkojo wa kwanza umwage na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, hadi ule wa kesho yake saa ile ile. Dumu likiwa na dawa ndani, usikojolee humo moja kwa moja; inaunguza. Ukisahau mara moja, sema.

Mama mmoja alituletea dumu nusu. "Mwanangu, nilikuwa msibani. Ningeingia nalo vipi chooni kwa watu?" Tukampangia siku nyingine, isiyo na shughuli.