Dansi ya Kisasa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana potofu: dansi ya kisasa ni mitindo inayovuma sasa.

Neno "kisasa" ndilo linalowapoteza wengi. Wakilisikia hufikiria video za muziki na kumbi za starehe, ilhali jina hili ni la sanaa ya jukwaani iliyochipuka mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Marekani na Ujerumani, miongoni mwa watu waliochoshwa na masharti ya baleti, ile dansi rasmi ya jukwaani ya Ulaya. Ilikuwa ya kisasa kwa enzi hizo.

Dhana potofu: Isadora Duncan aliianzisha peke yake.

Duncan, mchezaji dansi aliyezaliwa San Francisco mwaka 1877, anastahili heshima yake: alivua viatu, akavaa nguo nyepesi zilizolegea, na akafundisha kwamba mjongeo huanzia katikati ya kiwiliwili, chini kidogo ya kifua. Hata hivyo, mwaka 1892 Loie Fuller alikuwa tayari anawashangaza watazamaji wa Paris kwa mapande marefu ya hariri aliyoyazungusha chini ya taa za rangi. Mwaka 1915 Ruth St. Denis na Ted Shawn walifungua shule ya Denishawn mjini Los Angeles, ambako walipitia Martha Graham na Doris Humphrey. Nchini Ujerumani, Mary Wigman, aliyewahi kufundishwa na Rudolf Laban, alifungua shule yake Dresden mwaka 1920. Sanaa hii, basi, ina waasisi wengi, na jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wao walikuwa wanawake waliojitungia dansi zao wenyewe.

Dhana potofu: haina kanuni, mchezaji hujirusha apendavyo.

Hii ndiyo dhana inayoidhulumu sanaa hii kuliko zote, kwa kuwa inafuta kazi ya miaka mingi ya mazoezi. Graham alijenga mfumo mzima juu ya pumzi: mchezaji anapotoa pumzi, misuli ya tumbo na nyonga hubana na mgongo hupinda, anapoivuta, mwili huachia na kunyooka. Katika dansi yake "Lamentation" ya mwaka 1930, mchezaji huketi kwenye benchi karibu muda wote, amefunikwa kwa kitambaa kinachonyumbuka, na huzuni yote huonekana katika jinsi mwili unavyokivuta kitambaa hicho kutoka ndani. Humphrey naye alijenga mbinu yake juu ya kuanguka na kuinuka, yaani ule muda ambao mwili umekwisha kupoteza mizani lakini haujafika sakafuni. Baleti hujitahidi kuuficha uzito wa mwili. Dansi ya kisasa huukubali, na ndiyo maana sakafu ni mahali pa kuchezea, si pa kusimamia tu.

Walimu wengi hufundisha vipengele vinne vya msingi: mwili, nafasi, wakati na nguvu. Mkono uleule ukiinuliwa polepole kwa uzito husema jambo moja, na ukirushwa ghafla husema jingine kabisa, ingawa njia uliyopita hewani haikubadilika. Laban alipotangaza mfumo wake wa kuandika dansi mwaka 1928, umbo la alama lilionyesha mwelekeo, jinsi lilivyojazwa wino ndani ilionyesha kimo, na urefu wake muda. Kisicho na kanuni hakiandikiki hivyo.

Dhana potofu: ni sanaa ya Wazungu peke yao.

Katherine Dunham, Mmarekani mweusi aliyesomea anthropolojia, alikwenda visiwa vya Karibi mwaka 1935 kuchunguza ngoma za huko, hasa Haiti, na kutokana na aliyojifunza akaunda mbinu inayofundishwa hadi leo. Alvin Ailey, naye Mmarekani mweusi, alianzisha kundi lake la dansi New York mwaka 1958, na miaka miwili baadaye akatunga "Revelations" kwa nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi.

Dhana potofu: dansi lazima ifuate muziki.

Merce Cunningham, mtunzi wa dansi aliyeanzisha kundi lake mwaka 1953, na mtunzi wa muziki John Cage walitunga kila mmoja upande wake, na mara nyingine wachezaji waliusikia muziki kwa mara ya kwanza wakiwa jukwaani, mbele ya watazamaji. Hawakuwa na mdundo wa kuuegemea. Mazoezini muda wao ulipimwa kwa saa.