Bima kubwa hailipi injini iliyochoka

Mvua zikianza jijini Mwanza, malalamiko ya bima za magari huongezeka mezani kwetu, hapa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) Kanda ya Ziwa, na mengi yanafanana: nina bima kubwa, gari limekufa, kampuni imegoma kulipa. Wapo walioonewa kweli, na hao tunasimama nao. Ila mashauri mengi hukwama kwa sababu mwenye gari ameichukulia bima kama waranti.

Bima kubwa, ile inayobeba hata gari lako mwenyewe, hulipa tukio: ajali, moto, wizi, na mafuriko pale mkataba unapoyataja. Waranti ni ahadi ya aliyekuuzia gari au spea, au ya fundi aliyekutengenezea, kwamba kitu chake kikifa ndani ya muda fulani atakibeba yeye. Giaboksi ikianza kuteleza kwa uzee, au gasketi ya silinda hedi ikiungua kwa sababu rejeta ilikauka, hakuna tukio hapo. Mikataba ya kawaida ya magari inaandika wazi kwamba uchakavu na kuharibika kwa mitambo au mfumo wa umeme havilipwi. "Wakala aliniambia hii inabeba kila kitu" ni kauli tunayoisikia sana. Wakala aliyesema hivyo amekosea na tunapenda tumjue, lakini kinachosomwa wakati wa dai ni mkataba. Uombe na uusome siku unayolipa ada, si siku gari linavutwa.

Mafuriko ndiyo yanayotusumbua zaidi hapa. Mto Mirongo ukijaa, maji hupanda barabarani na madereva hujaribu kupita. Kwenye magari mengi madogo, mdomo wa kuvutia hewa ya injini uko mbele, karibu na taa au grili. Maji yakiingia humo, pistoni inakutana na kitu kisichobanika na gari linazima ghafla. Mpaka hapo, mara nyingine injini bado nzima. Kinachoiua ni stata. Dereva anapiga mara ya pili, ya tatu, vijana wanasukuma, na koni rodi, chuma kinachoshika pistoni, inapinda. Mkaguzi wa bima akifungua atakuta chujio la hewa limelowa, oili ina rangi ya chai ya maziwa na rodi imekunjika, na ataandika kwamba uharibifu mkubwa umeletwa na kuwasha gari baada ya maji kuingia. Hapo kampuni inapata hoja ya kulipia usafishaji na kuikataa injini. Gari likizima majini, usiguse tena swichi. Toka salama, piga picha zinazoonyesha usawa wa maji, kisha livutwe.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe polepole. Ajali inaripotiwa polisi kwanza. Huko ndiko zinakotoka fomu za PF 90, PF 93 na PF 115, yaani taarifa za polisi kuhusu ajali na ukaguzi wa gari, pamoja na ramani ya eneo la ajali. Ukaguzi wa gari kwa ajili ya fomu hizo hufanywa na mkaguzi wa magari wa polisi, si fundi wako. Kampuni ya bima ipewe taarifa kwa maandishi mara moja, hata kama fomu za polisi hazijatoka. Simu uliyompigia wakala haitaonekana popote siku ya kubishana. Jaza fomu ya madai, ambatanisha nakala ya leseni ya dereva aliyekuwa anaendesha, kadi ya gari na makadirio ya gereji, kisha kampuni itume mkaguzi wa hasara. Muda wa kampuni kulipa huhesabiwa kuanzia nyaraka zilipokamilika, si siku ya ajali. Anayekaa na PF 90 kabatini anajichelewesha mwenyewe.

Na gari lisifunguliwe kabla ya mkaguzi kuliona! Tumelisema redioni, tumelisema stendi, bado watu wanapeleka gari gereji Nyakato Jumamosi, fundi anabadilisha bampa, taa na rejeta, vya zamani vinauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na Jumatatu tunaletewa risiti. Mkaguzi atakagua nini? Hata baada ya matengenezo, spea zilizotolewa zitunzwe mpaka dai lifungwe.

Wengine hulipwa lakini hulalamikia kiasi. Katika dai la bima kubwa kwa kawaida kuna sehemu unayobeba mwenyewe, mawakala huiita ekses, nayo imeandikwa. Kuna makato ya uchakavu pale spea mpya inapochukua nafasi ya kuukuu. Na wapo wanaoshusha thamani ya gari ili ada ipungue. Gari la Sh20 milioni likikatiwa bima kama la Sh10 milioni, hasara ya Sh4 milioni inaweza kulipwa Sh2 milioni, kabla hata ya ekses. Kampuni haijakukomoa, ulikata bima ya nusu ya gari.

Wenye Probox na Noah zinazobeba abiria kwenda Magu au Usagara huku bima inasema matumizi binafsi, dai la uharibifu wa gari lenu linaweza kukataliwa lote. Mwenye bima ndogo naye asitegemee kutengenezewa gari lake. Hiyo ni kwa ajili ya wale unaowaumiza, na kuendesha bila hiyo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169. Stika ya bima ihakikiwe kwenye TIRA-MIS, mfumo wetu wa kielektroniki, kabla hujaondoka kwa wakala.

Gereji si eneo letu, hivyo nitasema machache. "Ikisumbua rudi" ya fundi haina ushahidi. Andikisheni namba ya gari, kilometa, spea iliyofungwa kama ni mpya au iliyotumika, na muda wa waranti, kisha dai risiti ya EFD. Spea bandia ipelekwe Tume ya Ushindani, FCC.

Ukikataliwa dai, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumika. Usiporidhika, ilete barua hiyo ofisi ya TIRA Kanda ya Ziwa, au iwasilishe kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambako mlalamikaji halipi ada wala halazimiki kuwa na wakili. Hati ya kukubali malipo ya mwisho usiisaini kama kiasi hukikubali, hata ukiambiwa kwamba ni ya kuharakisha tu. Ukishaisaini, ni vigumu mno kwa yeyote, sisi tukiwemo, kulifungua dai hilo upya.