Paka wako hapukutiki manyoya, anajilamba

"Hajikuni, daktari. Manyoya yanapukutika yenyewe, nadhani ni homoni." Nimeshachoka kulijibu hili. Tumbo na mapaja ya ndani yakiwa upara, ngozi safi isiyo na kidonda, mtuhumiwa wa kwanza ni ulimi. Una vijimiba vilivyopinda nyuma, unakata kama msasa. Na paka wengi hujilamba kwa siri, usiku au uvunguni, hasa waliokwisha kukaripiwa.

Ushahidi uko kwenye ncha ya unywele. Kwa kibano, ng'oa nywele chache pembezoni mwa upara ukifuata mlalo wake, zilaze kwenye tone la mafuta juu ya kioo cha hadubini, anza na lenzi ya 4x. Ncha nzima imechongoka. Iliyolambwa imekatika, butu. Huna hadubini? Pitisha kidole kinyume na mlalo: vishina vitakuchoma. Kagua na kinyesi chake, kitakuwa kimejaa manyoya. Lakini nywele zikitoka kwa mafungu ukigusa tu, mizizi ikiwemo, na ngozi inang'aa, acha kubahatisha: kwa paka mzee aliyekonda, saratani ya kongosho huweza kujitokeza hivyo.

Fangasi kwa kifupi: taa ya Wood, yaani ya miali ya urujuanimno, hung'arisha fangasi aitwaye Microsporum canis kijani kwenye shina la unywele, ila si kila mara. Isipong'aa si jibu, otesha sampuli maabara.

Sasa viroboto. "Hana hata mmoja!" Ndiyo, amewameza. Mchane juu ya karatasi nyeupe yenye maji; chembe nyeusi zikitoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi chao, damu iliyosagwa. Hata usipoziona, tibu wanyama wote wa nyumba kila mwezi kwa miezi 3, maana pupa, yaani viroboto wasiokomaa bado, ndani ya vifuko vyao husubiri muda mrefu na dawa haiwafikii. Na dawa ya mbwa yenye permethrin, tafadhali, usimguse nayo, huua paka.

Kisha mzio wa chakula: mpe protini moja ambayo hajawahi kula, wiki 8, bila hata kipande cha kuiba. Akilamba tumbo la chini tu, pima mkojo, huenda kibofu kinamuuma.

Msongo wa mawazo uje mwisho. Mwaka 2006 mtafiti Waisglass na wenzake waliwachunguza paka 21 walioshukiwa hivyo: 16 walikuwa na ugonjwa wa mwili, 3 mchanganyiko, 2 tu ndio waliokuwa na msongo peke yake.

Hata sisi madaktari hubahatisha. Utitiri wa Demodex gatoi hukaa juu ya ngozi, paka huulamba, nasi tukikwangua ngozi kuutafuta tunaambulia patupu. Basi tunamwogesha salfa ya chokaa ya asilimia 2 mara moja kwa wiki, wiki 6, pamoja na paka wenzake. Nywele zikirudi, tunaandika "utitiri" kwenye faili bila kuuona hata mmoja. Sindano ya steroidi nayo humtuliza karibu kila paka mwenye mwasho, kwa hiyo nafuu yake haikuambii ni mzio wa nini.