Kwa nini seli za kongosho hupandikizwa kwenye ini?

Mwenye kisukari aina ya kwanza ameharibiwa seli za kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na kinga ya mwili wake mwenyewe. Akipandikizwa nyingine, ungedhani zitarudishwa kulekule kwenye kongosho. Wapi! Zinapelekwa kwenye ini.

Seli hizo hukaa kwenye vishada vidogo viitwavyo visiwa vya Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans aliyeviona mwaka 1869, angali mwanafunzi wa udaktari Berlin. Ni visiwa kweli: karibu milioni moja, na vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya kongosho. Bahari inayovizunguka ni vimeng'enya vya kusagia chakula. Kongosho likidungwa ovyo, vimeng'enya huvuja na kuanza kulila lenyewe. Ndiyo maana hata wapasuaji wazoefu hulikaribia kwa hofu.

Ini halina makuu. Lina mshipa mpana unaoleta damu kutoka matumbo na kongosho, na hata insulini ya mtu mwenye afya hupita hapo kwanza. Mgonjwa huchomwa ganzi ubavuni, akiwa macho. Mrija mwembamba huongozwa kwa altrasaundi hadi kwenye mshipa huo, kisha mfuko wenye visiwa huning'inizwa kama dripu. Vinateremka na damu, vinakwama kwenye vimishipa vya ini, na hapo ndipo vinapoanza maisha mapya.

Njia hii ilijulikana zamani, lakini kabla ya 2000 haikufika hata mgonjwa 1 kati ya 10 aliyekaa mwaka mzima bila sindano za insulini. Hapo ndipo anapoingia James Shapiro, daktari wa kupandikiza maini katika Chuo Kikuu cha Alberta, Edmonton, Kanada. Mwaka 2000 yeye na wenzake walitangaza wagonjwa 7, wote wameachana na sindano za insulini. Walifanya nini? Waliongeza visiwa, kila mgonjwa akipata vya wafadhili wawili au zaidi (marehemu waliotolewa kongosho), na wakaondoa steroidi kwenye dawa za kutuliza kinga. Steroidi hupandisha sukari. Ni kama kumpa mgonjwa dawa kwa mkono huu na kumpokonya kwa ule.

Furaha ilipoa kidogo baadaye. Visiwa vingi hufa siku za mwanzo tu, na baada ya miaka mitano ni kama mgonjwa 1 kati ya 10 aliyekuwa bado hachomi insulini. Wengi, hata hivyo, waliendelea kutoa insulini kiasi, ikiwakinga na sukari kushuka ghafla hadi kuzimia. Gharama yake ni dawa za kutuliza kinga, kila siku.

Wafadhili nao ni wachache, hivyo siku hizi visiwa vinakuzwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine. Katika matokeo ya jaribio moja yaliyotoka mwaka 2025, wagonjwa 10 kati ya 12 waliopewa dozi kamili hawakuhitaji insulini baada ya mwaka mmoja. Navyo viliingizwa kwenye ini, kwa mshipa uleule.