Umri wa ulimwengu kwa kikokotoo cha shule

Ile miaka bilioni 13.8 inayotajwa kuwa umri wa ulimwengu, unaweza kuikaribia kwa kikokotoo kilekile cha mtihani wa Kidato cha Nne. Unahitaji vipimo viwili vya galaksi moja ya mbali: inatukimbia kwa kasi gani, na iko umbali gani.

Kasi ni rahisi. Maabarani, haidrojeni hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Tuseme kwenye galaksi yako mwanga huohuo umetokea kwenye 672.7. Toa, kisha gawanya kwa 656.3, upate 0.025. Zidisha kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Galaksi inakwenda kilomita 7,500 kwa sekunde.

Umbali ndio unaoumiza kichwa. Kwa mbali kiasi hicho tunategemea supanova za aina ya Ia, yaani nyota zinazolipuka, ambazo kileleni hufikia mwangaza unaokaribiana, magnitudo halisi (kipimo cha mwangaza wa nyota kana kwamba iko parseki 10 kutoka kwetu; parseki moja ni kama miaka ya mwanga 3.26) −19.3. Ikiwa kwetu imeonekana na magnitudo 15.85, tofauti ni 35.15. Ongeza 5, gawanya kwa 5, upate 8.03, 10 kwa kipeo hicho ni parseki milioni 107, yaani megaparseki 107. Sasa gawanya 7,500 kwa 107, upate 70: kila megaparseki ya umbali inaongeza kilomita 70 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ya upanukaji wa ulimwengu.

Umbali ukiugawanya kwa kasi unapata muda, yaani muda tangu galaksi zilipokuwa pamoja. Megaparseki moja ina kilomita 3.086 × 10¹⁹. Gawanya kwa 70, upate sekunde 4.41 × 10¹⁷. Mwaka una sekunde milioni 31.56, kwa hiyo jibu ni miaka bilioni 14. Ukisahau kugeuza megaparseki kuwa kilomita, utapata upuuzi mtupu.

Galaksi za jirani usiziguse. Andromeda, ambayo Novemba huonekana upande wa kaskazini ukiziacha taa za Nairobi ukashuka Magadi, inatujia badala ya kutukimbia, maana mvutano umeshinda upanukaji. Nenda zaidi ya megaparseki 50. Vumbi nalo ni mwizi: likimeza magnitudo 0.1 tu bila wewe kujua, umbali unazidi kwa karibu asilimia 5, na ulimwengu unazeeka kwa miaka milioni 650 hivi.

Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble alipata takriban 500 badala ya 70. Hapo umri unakuwa bilioni 2, na Dunia ina bilioni 4.5! Kasi hazikuwa na tatizo; umbali ndio uliopunjika. Sababu moja kubwa: nyota za Sefeidi, ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa mpangilio na hutumika kupima umbali, ziko za aina mbili, zikachukuliwa kuwa moja. Mwanaastronomia Walter Baade alipozitenganisha mwaka 1952, umbali uliongezeka karibu maradufu.

Hata hiyo 70 bado ina ubishi. Mwanga wa kale, uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliopimwa na satelaiti ya Planck unatoa 67.4, supanova zilizosawazishwa kwa Sefeidi zinatoa kama 73. Kwa mgawanyo wetu hizo ni bilioni 14.5 na 13.4. Ile 13.8 ni ya Planck, baada ya kuhesabu kwamba upanukaji ulipunguza kasi kwanza, kisha ukaiongeza. Mimi bado nashuku umbali.