Mpango wa upandaji wa Excel hauchukui nafasi ya mzunguko wa mazao

Tangu maandalizi ya vuli yaanze, wakulima wa kilimo hai wamekuwa wakituletea sisi wakaguzi wa cheti mipango ya upandaji iliyopigwa kwenye Excel, ambayo huchagua eneo la kila zao ili faida iwe kubwa, na malalamiko yanayofuata ni yale yale: “Kompyuta imekubali, mkaguzi anakataa nini?”

Hesabu yenyewe hatuipingi. Ni ile ya kidato cha nne, ya kuchora mistari kwenye karatasi ya grafu na kutafuta pembe yenye faida kubwa. Tuchukue mkulima mwenye ekari 2 na tani 6 za mboji. Tuseme ekari ya nyanya inakula tani 5 na kuacha faida ya sh. milioni 3, ya maharage, tani 1 na sh. milioni 1. Akikazania nyanya tupu, mboji inamwishia kwenye ekari 1.2, anapata milioni 3.6 na ardhi iliyobaki inalala. Akipanda ekari 1 ya kila zao, anapata milioni 4. Tena hesabu hiyo inamwonyesha kuwa tani ya saba ya mboji ingemwongezea sh. 500,000, kwa hiyo anajua mwisho wa bei akienda kununua samadi. (Samadi imetoka wapi, hilo tutamuuliza.)

Tatizo ni mzunguko. Nyanya zikilipa, programu itazirudisha kipande kile kile kila msimu, maana hakuna aliyeiambia habari za mnyauko bakteria, ugonjwa unaobaki udongoni. Wengine huandika sharti “nyanya zisifuate nyanya”, kisha wanapanga bilinganya! Tumeshasema: nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili hoho na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Sharti liandikwe kwa ukoo. Mikunde nayo iwekewe eneo la chini kabisa, la sivyo programu itafuta marejea (mikunde ya kurutubisha udongo) kwa kuwa hayana mnunuzi.

Mpango uletwe kabla ya kupanda, pamoja na ramani ya shamba, historia ya kila kipande na kumbukumbu za mbegu na pembejeo. Namba za vipande zilingane na za ramani. B3 isigeuke 3B. Ukibadili zao, andika tarehe na sababu, utie saini, kabla mbegu haijaingia ardhini. Dosari za kumbukumbu kwa kawaida hupewa muda wa kurekebishwa. Zikijirudia, cheti kinaweza kusimamishwa. Kiuatilifu kilichokatazwa ni suala zito zaidi: kipande kinaweza kurudishwa kwenye kipindi cha mpito (muda wa kulima kwa kanuni za kilimo hai kabla mazao hayajaruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo), ambacho kwa mazao ya msimu yanayokwenda Umoja wa Ulaya ni miezi 24 kabla ya kupanda.

Mpito huo nao uingie kwenye hesabu. Kipande ambacho hakijaumaliza kiwekewe bei ya kawaida ya soko. Mipango mingi tunayoletewa ina bei ya kilimo hai tangu msimu wa kwanza, na mkaguzi hana namna ya kuwapandishia bei hiyo, hata mkija kikundi kizima.