Jina la babu halimo kwenye orodha. Kwa hiyo?

Leo nimepokea tena ule ujumbe wa watu wanaotafuta wazee wao waliochukuliwa kuwa wapagazi, yaani wabeba mizigo wa jeshi, katika Vita Kuu ya Kwanza: "Nimemtafuta baba yake babu kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita, hayumo. Kumbe hakufa vitani, alitukimbia tu." Jamani!

Kwanza, orodha hiyo ni ya upande wa Uingereza. Aliyembebea Mjerumani mizigo usimtafute humo, na Ugogo, kwa mfano, pande zote mbili ziliokota wanaume. Pili, hata wapagazi wa Mwingereza, ambao waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao hawakuandikwa. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Nenda kwenye Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Maandishi yake yanamwambia marehemu kuwa wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu yote, jina la mpagazi hulioni hata moja.

Linaloniudhi zaidi ni hilo neno "mtoro". Mtu analikuta kwenye jalada la zamani, anafunga utafiti na kuanza kumlaumu marehemu. Hebu fikiria lilivyoingia humo. Asubuhi watu wanahesabiwa, mmoja haonekani, karani anaandika katoroka. Basi. Mwanzoni mwa 1917 kule Rufiji mvua ilikuwa haikatiki, chakula hakifiki, watu wanaharisha damu. Aliyeanguka nyuma ya msafara nani alirudi kumtazama? Watoro wa kweli walikuwepo, tena wengi, na siwalaumu. Ila neno hilo linakuambia tu kwamba siku ile hakuitika.

Mimi ninapotafuta huwa namwacha mwanamume na kumfuata mjane. Daftari la ndoa la parokia, shauri la mirathi kwa kadhi, nani alilipa kodi ya kibanda baada yake. Familia moja ya Dodoma ilikuja na mambo mawili tu: mzee alichukuliwa Waingereza walipokwisha kuingia mjini, na bibi aliolewa tena ilipoisha Mtunya, ile njaa kubwa ya Wagogo. Wao waliona hawana kitu. Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na Mtunya ilikwisha yapata 1920. Tayari una miaka minne ya kutafuta badala ya maisha mazima.

Lakini ndoa ya pili haithibitishi kifo. Inathibitisha kwamba mke na wakwe walikata tamaa, au njaa iliwakatia tamaa. Huenda mzee alibaki mjini akaoa huko. Huenda alianza kurudi akiwa hai, akafia njiani kwa ile homa ya mafua ya 1918. Kwenye mti wa ukoo nikawaandikia: "Haonekani tena baada ya 1916, mkewe alihesabiwa mjane kufikia 1920 hivi." Mjukuu mkubwa hakufurahi. Alitaka tarehe kamili, kwa sababu fundi wa jiwe la kumbukumbu alikuwa ameshalipwa.